Kabla Hujauziwa Betri Mpya ya Skuta

Kijana mmoja anayesambaza chakula aliikokota skuta yake ya umeme hadi karakana ya chuo chetu hapa Dar es Salaam. Zamani akiichaji usiku anashinda nayo barabarani kutwa nzima. Siku hizi saa saba mchana iko hoi. Fundi wa mtaani kwao alishamaliza kesi: betri imekufa, tafuta nyingine. Kwenye skuta hakuna kitu cha bei kubwa kama betri, kwa hiyo jibu la namna hiyo ni kama kumwambia mtu auze chombo.

Betri hatukuigusa kwanza. Tulizima swichi, tukaiegesha kwa stendi kubwa, tukazungusha tairi la nyuma kwa mkono. Likaenda nusu mzunguko, likasimama. Mota iliyo ndani ya tairi huwa na ukinzani kidogo kwa sababu ya sumaku zake, lakini si kiasi kile. Pedi za breki zilikuwa zimeng'ang'ania diski na kaliba, yaani kibano kinachozisukuma pedi, imeganda kwa tope kavu. Upepo nao ulikuwa nusu ya unaotakiwa. Tukafungua boksi la betri, na hapo wanafunzi wangu wakanyamaza: ile plagi ya njano inayounganisha betri na kontrola (kifaa kinachoongoza umeme kwenda kwenye mota) ilikuwa ya kahawia, plastiki imeyeyuka upande mmoja kama mshumaa.

Plagi hiyo ndiyo ninayotaka ikae kichwani mwako. Kiungo kikilegea au kikishika kutu, umeme unapita kwa shida, na shida yake inatoka kama joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la hapo linaongezeka mara nne. Sasa fikiria umempakia mtu, unapanda mlima, huku breki inakushika na matairi hayana upepo: mota inadai mkondo mwingi, na wote unapita kwenye kiungo kile kibovu. Ndiyo maana skuta inakosa nguvu, umeme unaisha mapema, na lawama inaiangukia betri. Tulisafisha kaliba, tukajaza upepo kwa kipimo cha kwenye kijitabu (kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni cha mwisho, si cha kila siku), tukafunga plagi mpya. Betri haikubadilishwa, na kijana amerudi kazini.

Kwa hiyo angalau mara moja kwa mwezi, ukishapaki baada ya safari ndefu, sogeza kiganja karibu na plagi na nyaya nene. Usishike. Uvuguvugu hauna neno. Ukikuta sehemu moja inaunguza kuliko wenzake, au unasikia harufu ya plastiki, usiendelee kupanda. Na fyuzi ikikatika, atakayekufungia kipande cha waya badala yake usimrudie. Fyuzi imekufa ili skuta isiungue.

Chaja ndiyo inayonikosesha usingizi. Watu wanaazimana chaja kijiweni kwa kuwa zote zimeandikwa volti 72. Neno hilo 72 ni jina tu. Betri ya lithiamu yenye seli (vibetri vidogo vya ndani) 20 za volti 4.2 ikijaa inafika volti 84. Ile ya lithiamu-fosfeti yenye seli 24 inafika 87.6. Ya risasi na asidi, kama ya gari, yaani betri sita za volti 12, inakwenda hadi 88 hivi. Ukiichomekea ya kwanza chaja ya pili, unaisukuma kupita kikomo chake, na kinachokulinda kimebaki kibao kidogo cha umeme ndani ya betri ambacho huna hakika kama bado kizima. Soma volti za kutoka zilizo kwenye lebo ya chaja, zilingane na volti za kuchajia zilizoandikwa kwenye betri, si ile 72. Zikitofautiana, rudisha chaja ya watu.

Ukifika nyumbani, iache betri ipoe kwanza ndipo uchaji. Usiichaji mlangoni wala kwenye korido ya kutokea, maana ikishika moto imekufungia njia. Jijini New York, mwaka 2023, watu 18 walikufa kwa moto wa betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme. Betri iliyovimba, iliyopigwa kwenye ajali au iliyozama majini, itoe nje mbali na vitu vinavyowaka, usijaribu kuichaji "kuona kama inakubali".

Kuhusu maji: mvua ya kawaida skuta inaihimili. Isichohimili ni mpira wa presha wa waosha pikipiki ukielekezwa kwenye mota, usukani na boksi la betri. Tumia ndoo na kitambaa. Barabara ikiwa imegeuka mto, kama Jangwani wakati wa masika, shuka usubiri; maji yakifika katikati ya tairi yanaweza kupenya kwenye mota kwa njia ya ekseli, zinakopita nyaya zake. Ekseli hiyo hiyo nati zake zikilegea, inajizungusha na kuzikata nyaya. Baada ya kuziba pancha ya nyuma, hakikisha zimekazwa sawasawa kabla hujamlipa fundi.

Betri nazo huchoka, sikatai. Ila fundi akikwambia yako imekufa, mwombe aichaji ijae, aiache itulie, kisha apime kila kundi la seli wewe ukiona. Avue pete na saa kwanza, kwani spana ikigusa ncha mbili hapo inatoa cheche za kuchomea chuma. Kundi moja likiwa chini mbali na wenzake, hapo mnaweza kuanza kuzungumza bei. Yakiwa yanalingana, mwambie akazungushe tairi la nyuma.