Kubadilisha njia za mkato hakuharibu programu

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Kigoma huambizana kwamba ukigusa njia za mkato (vitufe vya kuita amri haraka) za Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, umeiharibu, na dawa ni kuifuta na kuisakinisha upya. Si kweli, na dawa yenyewe haitibu: kwenye Windows, ukiifuta kwa njia ya kawaida mipangilio yako hubaki, hivyo ukisakinisha tena unaikuta palepale. Bando limeenda bure.

Mabadiliko yako hukaa kwenye faili la pembeni, keybindings.json, ndani ya folda ya mtumiaji. Njia za mkato za awali hazifutwi. Zako hupewa kipaumbele tu.

Tuseme unataka Ctrl+D ifute mstari, kazi ambayo kwa kawaida ni ya Ctrl+Shift+K. Bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, orodha ifunguke. Tafuta Delete Line, ibofye mara mbili, bonyeza Ctrl+D. Kabla hujapiga Enter, utaonywa kwamba vitufe hivyo vina amri nyingine. Wengi hupita bila kusoma (haraka ya nini, sijui), kesho wanalalamika Ctrl+D haichagui tena neno linalofanana linalofuata. Amri ile haijafa, imenyang'anywa vitufe. Ipe vingine, ni amri nzuri mno kuiacha.

Ukitaka kurudi ulikotoka, bofya kulia kwenye mstari huo wa orodha, chagua Reset Keybinding. Na mnaotumia kompyuta moja kwa zamu, kila mwenye akaunti yake ya Windows ana faili lake.