Kabla ya Kugawana Albamu ya Stempu ya Marehemu

Mama mmoja wa Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, aliniletea bati la biskuti lenye albamu mbili na bahasha kuukuu zilizofungwa kwa uzi, mali ya marehemu babake, akitaka nimkadirie thamani kabla warithi hawajakaa kugawana mirathi. Tayari alikuwa amebandua stempu tatu kwenye bahasha zake, ili, kama alivyosema, zipendeze. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu nilipoanza kazi hii niliroweka stempu za Mfalme Edward wa Saba katika bakuli la maji, na zile za zambarau na za kijani zikaachia rangi mbele ya macho yangu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wino huo ulitengenezwa makusudi uchuje majini, ili mtu asifute muhuri akaitumia stempu mara ya pili.

Kwa hiyo ninapokadiria urithi wa namna hii, huanza na bahasha, tena huutazama muhuri kabla ya picha. Sisi wa Lamu tunayo sababu ya pekee. Kati ya mwaka 1888 na 1891 palikuwa na posta ya Wajerumani hapa mjini, iliyouza stempu za kawaida za Ujerumani zisizo na maandishi yoyote ya ziada. Kinachozitambulisha kuwa zilitumika hapa ni muhuri wenye jina la Lamu tu. Ukiibandua stempu kama hiyo muhuri ukakatika katikati, unabaki na stempu ya Ujerumani isiyo na habari kubwa. Mihuri ya aina hiyo hughushiwa pia, kwa hiyo ukiukuta, usiuze wala usinunue kwa neno langu peke yangu. Ipelekwe kwa jopo la wataalamu wanaotoa cheti.

Albamu nyingi za hapa pwani hujaa stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizoanza mwaka 1935, na ukweli ni kwamba nyingi hazina bei kubwa. Hata hivyo, chukua kioo cha kukuzia uitazame ile ya senti 5 ya mwaka huo yenye jahazi la Ziwa Victoria. Kwenye baadhi kamba ya kushoto imeshikana na tanga, kwenye nyingine imeachana nalo, na wakusanyaji hulipa bei tofauti kwa tofauti hiyo ndogo. (Mabaharia wa Shela niliowaonyesha walikuwa na maoni yao kuhusu mchoraji.) Zile zenye thamani kubwa iliyoandikwa, za shilingi nyingi au pauni, zichunguzwe kama zimebatilishwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi isiyo ya posta, kwa maana zilitumika pia kulipia ushuru wa hati, na hizo huwa na bei ya chini sana kuliko zilizopita posta.

Kuhusu utunzaji, adui wetu ni unyevu. Usiweke albamu ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa kuwa kuta za matumbawe hunyonya maji na kuyatoa taratibu, na ukungu huacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Usiifukize udi kama nguo. Moshi hukaa kwenye karatasi. Zisimamishe wima kama vitabu rafuni, kwa sababu zikilaliana uzito huigandisha gundi ya stempu zisizotumika, na stempu iliyoganda usiivute kwa kucha. Shika kwa kibano, na uepuke mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, ambayo huharibu rangi.

Yule mama nilimshauri wasizitawanye albamu wala bahasha mpaka kila kipande kiorodheshwe, kisha bati lihamishiwe kabati la mbao lililo mbali na ukuta. Kaskazi ikivuma na hewa ikikauka, azifungue kurasa kivulini kwa saa moja hivi, azipepee, azifunge.