Nyumba ya Udongo Ikiungua, Mchimbaji Hufurahi

Mgeni akija Pemba huomba apelekwe Pujini au Ras Mkumbuu akaone kuta za mawe. Hatumlaumu, gofu linajionesha lenyewe. Lakini wazee wetu wengi hawakulala ndani ya mawe. Tumbe, makazi ya kale ya hapa Pemba yaliyokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10, ilikuwa ya nyumba za miti na udongo, zisizopishana sana na hizi za kukandika tunazozijua.

Nyumba kama hiyo ikihamwa, makuti huoza kwanza. Kisha mchwa hula fito, na mvua huurudisha udongo chini ulikotoka. Hubaki mwinuko mdogo tu, na mtu akapanda muhogo juu yake bila habari.

Ikiungua ni jambo jengine, na mwenye nyumba atusamehe. Moto huuoka udongo ukawa mgumu kama chungu. Ukilishika bonge la ukuta huo mkononi, utaona mfereji wa mviringo umepita ubavuni: hapo palilala ufito, ulishaoza zamani. Punje za mpunga nazo hugeuka makaa, na makaa hayaozi. Sisi wachimbaji wa mambo ya kale tunachota udongo, tunautia kwenye ndoo ya maji na kuukoroga taratibu. Makaa yakielea tunayachuja kwa kitambaa.

Kwa hiyo jembe hatulitaki. Tunakwangua kwa mwiko wa fundi, tabaka baada ya tabaka, na udongo wote hupita kwenye chekecheke. Kila kigae cha chungu huandikiwa shimo lake na kina chake. Kazi inachosha, na kaa wa pwani nao huturudisha nyuma: mashimo yao huteremsha cha juu na kupandisha cha chini.

Mahali kitu kilipolala pana uzito kuliko kitu chenyewe. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, hapa hapa Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000, nyingi ni vijisarafu vya fedha vyenye majina ya watawala wa hapa, bila ya mwaka. Zilikuwa pamoja na dinari chache, yaani sarafu za dhahabu, za Wafatimi waliotawala Misri, ambazo zina mwaka, na hizo ndizo zilizotuelekeza karne ya 11. Zingeokotwa mojamoja na kuuzwa, tungebaki na majina matupu.

Ukikuta vigae vingi shambani, usivifukue wala usivikusanye. Chomeka kijiti, kalime pembeni, umwambie sheha.