Usimtishie mtoto sindano: maswali ya wazazi kuhusu woga wa hospitali

Binti yangu ana mwaka na nusu. Tukifika tu getini pa zahanati anaangua kilio, hata kama tumekwenda kupima uzito. Ana tatizo?

Hana. Kuanzia miezi 8 hivi, watoto wengi huanza kuogopa sura ngeni, na woga huo unaweza kuendelea hadi mwaka wa pili. Sasa fikiria anachokutana nacho kliniki: mtu asiyemjua anamvua nguo, anatundikwa kwenye mzani, na mtoto mwenzake analia chumba cha pili. Tena, Tanzania na Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18, katika umri uleule wa kumng'ang'ania mama.

Akikataa kula huwa tunamwambia, "Nitamwita daktari akuchome sindano!" Ina madhara?

Ndiyo, na kama kuna jambo moja ningewaomba wazazi waliache leo, ni hili. Bibi anaisema, dada wa kazi anaisema, jirani naye anaisema, na hakuna mwenye nia mbaya. Lakini mtoto anaiamini. Sindano kwake inakuwa adhabu, na daktari anakuwa mtu wa kuadhibu. Siku atakapougua kweli, atabana meno asiangaliwe koo na atakaza tumbo lisishikwe. Kilio peke yake kinapandisha mapigo ya moyo na kuharakisha pumzi, vitu ambavyo daktari alitaka kuvihesabu mtoto akiwa ametulia. Kaeni na wote wanaomlea mkubaliane: sindano isitumike kumtishia.

Basi nimwambie haiumi?

Usimwambie hivyo. Itauma, na safari ijayo hatakuamini. Mwambie, "Utasikia kama umefinywa, halafu kwisha. Mimi nitakushika." Wa miaka 2 au 3 mwambie asubuhi ileile, wa miaka 5 anaweza kujua jana yake, apate muda wa kuuliza. Msicheze mchezo wa nesi na mgonjwa siku ya safari tu. Mwanasesere wa vitambaa na kifuniko cha chupa cha kumpimia kifua vinatosha, na mtoto ndiye awe daktari.

Wakati wa kuchomwa nimshike vipi?

Mpakate, akae wima, kifua chake kwenye chako, mkono au paja linalochomwa likiwa limetulia. Kulazwa chali kitandani na kukandamizwa na watu wawili huzidisha hofu. Anayenyonya mpe ziwa muda mfupi kabla au wakati wa sindano yenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo, na nesi akionekana kuwa na haraka, mwombe kwa upole akupe nafasi. Mkubwa kidogo apulize mapovu ya sabuni, au mpe hadithi anayoipenda. Wewe pia shusha mabega na upumue taratibu, kwa kuwa mtoto husoma uso wako kwanza.

Nimpe panadol kabla ya kwenda?

Hapana, dawa ya maumivu kabla ya chanjo haishauriwi. Akipata homa baadaye, fuata maelekezo mliyopewa kliniki kulingana na uzito wake.

Na akilia pamoja na yote hayo?

Mwache alie, ameumia. Usimwambie "mwanaume halii", wala usimlinganishe na mtoto wa jirani aliyenyamaza. Mkumbatie, kisha msifu kwa alichokifanya: "Ulituliza mkono mpaka nesi akamaliza." Lakini kama woga unamkosesha usingizi siku nyingi, au anakataa kuguswa na mtu yeyote hata nyumbani, mweleze daktari, pengine kuna jambo jingine linalomsumbua. Siku zinazofuata unaweza kumkuta amemlaza mwanasesere wake, anamchoma kwa kijiti, anambembeleza, anamchoma tena. Usimkataze. Kaa karibu, na akikupa mgonjwa umshike, mshike.