Ukurasa wa man: maana yake na namna ya kuusoma

Mgeni wa Linux, FreeBSD au mfumo endeshi mwingine wa ukoo wa Unix hachelewi kuambiwa "soma man". Man ni amri inayofungua, ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), mwongozo wa amri nyingine. Ni utaratibu mkongwe: toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, lina tarehe ya 3 Novemba 1971.

Ukurasa wa man ni kamusi, wala haukuandikwa kumfundisha mtu kuanzia sifuri. Hufunguliwa na aliye na swali moja mkononi. Anayeusoma kuanzia juu hadi chini huchoka kabla ya kufika anakokwenda.

Chukua `cp`, amri ya kunakili faili. Andika `man cp`, bonyeza Enter, na skrini itajaa maandishi. Hapo wengi hukwama kwa jambo dogo sana: hawajui kutoka. Bonyeza q. Kitufe cha nafasi husogeza mbele ukurasa mzima, b hurudisha nyuma. Kutafuta neno, andika / likifuatiwa na neno lenyewe, kisha Enter. Kitufe cha n, herufi ndogo, hukupeleka linapotokea tena.

Kinachotisha zaidi ni mistari iliyo chini ya kichwa SYNOPSIS. Katika Linux, mmojawapo wa mistari ya `cp` ni huu:

`cp [OPTION]... SOURCE... DIRECTORY`

Kilicho ndani ya mabano ya mraba ni hiari, na mabano yenyewe hayaandikwi. Nukta tatu zina maana kwamba kilichotangulia kinaweza kurudiwa. Maneno ya herufi kubwa ni nafasi za kujaza majina ya vitu vyako. Ukikuta mstari wima kati ya vitu viwili, chagua kimoja. Basi mstari huo unasema: taja faili moja au zaidi, na la mwisho liwe saraka (folda). Ndiyo maana `cp a.txt b.txt c.txt` hugoma. Amri imepewa faili mbili za kunakili, ikatazamia saraka, ikakuta `c.txt`.

Namba zilizo kwenye mabano baada ya jina, kama passwd(1), zinataja sehemu ya mwongozo. Ya 1 ni amri za kawaida, ya 5 ni muundo wa mafaili, ya 8 ni kazi za msimamizi wa mfumo. Nyingine zinawahusu zaidi waandishi wa programu. `man passwd` hueleza amri ya kubadili nywila. Lakini `man 5 passwd` hueleza faili la /etc/passwd. Jina moja, mambo mawili.

Na kama jina la amri hulijui? `man -k copy` huorodhesha kurasa zenye neno hilo katika jina au maelezo yake mafupi. Kwa kawaida itabidi utafute kwa Kiingereza, maana maelezo mengi yameandikwa hivyo. Isipoleta kitu hata kwa neno la kawaida namna hiyo, huenda faharasa haijatengenezwa. Kwenye Linux nyingi `sudo mandb` huitengeneza.

Wakati mwingine ukurasa haupo kabisa. `cd`, amri ya kuhamia saraka nyingine, ni sehemu ya ganda la amri lenyewe (programu inayopokea amri unazoandika), hivyo ukiwa ndani ya ganda liitwalo bash tumia `help cd`. Mifumo iliyopunguzwa ukubwa, hasa ya kontena, huondolewa kurasa hizi ili kuokoa nafasi. Hapo jaribu `cp --help`.

Kwa nini usichukue tu jibu la kwanza kwenye intaneti? Kwa sababu amri zenye jina moja hutofautiana kati ya mfumo na mfumo. Mfano ni `sed`, amri ya kubadili maandishi ndani ya faili. `sed -i 's/a/b/' faili.txt` hufanya kazi kwenye Linux, lakini macOS na FreeBSD hudai kiambishi cha nakala ya akiba baada ya `-i`, hata kikiwa tupu: `sed -i '' 's/a/b/' faili.txt`. Ukiacha hizo alama mbili, badiliko lako lenyewe huchukuliwa kuwa kiambishi, na jina la faili husomwa kama maagizo. Ukurasa wa man uliokuja na amri hiyo unaeleza toleo ulilo nalo.

Ukiwa na haraka, andika /EXAMPLES uruke moja kwa moja kwenye mifano. Kurasa nyingi za FreeBSD na OpenBSD zinayo; za GNU, mradi ulikotoka amri nyingi za Linux, mara nyingi hazina, na mwishoni hukuelekeza kwenye amri ya `info`, yenye maelezo marefu zaidi.