Maswali kuhusu ekstasi: mwili, maji na sheria

Ekstasi ni nini?
Ni dawa ya kulevya aina ya MDMA, iliyotengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1912. Huuzwa kama kidonge cha rangi kilichopigwa chapa, au unga.

Inamfanya nini mtu?
Huusukuma ubongo kumwaga kwa wingi serotonini, kemikali inayogusa hisia za mtu, ndiyo maana aliyeimeza huona kila mtu ni ndugu yake. Wakati huohuo moyo hwenda mbio, shinikizo la damu hupanda na taya hubana hadi meno kusagana. Siku chache baadaye huja unyonge na wasiwasi.

Ni kweli joto huua?
Kweli. Joto la mwili likipita nyuzi 40, misuli huanza kuvunjika na mabaki yake huharibu figo. Kucheza muziki saa nzima bila kupumzika huzidisha hali.

Basi si ninywe maji mengi?
Hapa ndipo wengi hupotea. MDMA huufanya mwili uzuie mkojo, kwa hiyo maji mengi kwa mkupuo hushusha chumvi ya damu na ubongo huvimba. Mtu huumwa kichwa, hutapika, huongea ovyo, kisha degedege. Wenzake hudhani kalewa tu, wakasema “mwacheni alale.” Asiachwe.

Nikimeza kimoja tu?
Hujui umemeza nini. Vingine vina PMA, sumu inayochelewa kupanda. Mtu akiona kimya huongeza cha pili, na hapo ndipo balaa. Anayetumia dawa za sonona yuko hatarini zaidi, hasa zile za kundi la MAOI.

Sheria inasemaje?
MDMA iliingizwa mwaka 1986 katika Jedwali la Kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, lile lenye masharti makali kuliko yote. Adhabu hutofautiana. Uingereza, kukutwa nayo ni hadi miaka 7 jela, kuisambaza hadi kifungo cha maisha. Na kumgawia rafiki bure nako kunahesabiwa kusambaza. Wengi hawalijui hilo mpaka wafikishwe kizimbani.

Mwenzangu kazimia, naogopa polisi.
Ita gari la wagonjwa kwanza. Mlaze ubavu, msogeze penye hewa, mpunguzie nguo, mpoze kwa maji, usimtapishe. Daktari mwambie wazi alichomeza na saa aliyomeza; kama kidonge kimebaki, mpe daktari huyo.