Kinga si maji ya beseni

Juzi sokoni Kadutu nimesikia tena. Mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, vidole vimemvimba kwenye viungo, mikono yote miwili, na jirani yake wa meza anamhakikishia kwamba "kinga imeisha", anunue chupa ya dawa ya kuipandisha. Na muganga alishamwambia ana baridi yabisi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe!

Kinga ni uwezo wa mwili kuzuia vijidudu. Basi.

Shida iko kwenye neno. Kukinga ni kuzuia: unakinga jua kwa kiganja. Lakini mvua ikinyesha hapa Bukavu tunakinga pia maji chini ya mabati, na nadhani hapo ndipo watu walipopotelea: kinga imekuwa maji ya beseni, leo yamejaa, kesho yamepungua. Hata imunite, yaani kinga kwa Kifaransa, asili yake ni Kilatini, mtu aliyesamehewa kodi na kazi za umma. Ndiyo maana wabunge wanayo na malaria inawalaza vilevile. Wingi haumo katika neno hilo.

Kinga ni safari. Mwiba wa samaki ukikuchoma kidole, nyama iliyoumia inatoa kemikali za kuita. Ukuta wa mshipa mdogo wa damu unatoa vishikizo. Chembe nyeupe za damu zinapunguza mwendo, zinabiringika, zinanata, kisha zinajipenyeza nje hadi kwenye bakteria. Usaha unaoukamua baadaye ni mizoga yao, wala si "damu chafu". Kuna watoto wachache wanaozaliwa na chembe zisizoweza kunata: karatasi ya maabara inaonyesha chembe nyeupe tele, lakini vidonda havitungi usaha na maambukizi hayawaachi.

Kwenye baridi yabisi mwito unatoka kwenye viungo visivyo na kijidudu, na chembe zinaitika. Natalizumab, dawa ya ugonjwa mwingine wa namna hiyo unaoharibu neva za ubongo, inaziba tu kishikizo kilicho kwenye chembe zenyewe, zisinate wala kuingia. Iliruhusiwa Marekani 2004, ikasimamishwa 2005 baada ya virusi kushambulia ubongo wa wagonjwa wachache, ikarudi 2006.

Kwa hiyo, jirani, kinga ya mama huyu haijaisha. Iko kazini, kwenye vidole vyake. Sema "inakosea mahali", na chupa hiyo aiache kwanza mpaka amwonyeshe muganga.